Kwa Nini Sambusa Zinalala na Shira Inaganda: Utatuzi wa Matatizo ya Vitafunwa vya Sikukuu

Kuanzia katikati ya Desemba hadi Mwaka Mpya, na tena siku za Idi, simu yangu huita kuliko miezi mingine yote. Ninatengeneza vitafunwa kwa oda hapa Tabata, Dar es Salaam, lakini wengi wanaonipigia siku hizo si wateja wanaoagiza. Ni watu ambao wameshawasha jiko, wageni wako njiani, na kitu kimekwama karaini. Maswali yao yanafanana mwaka hadi mwaka. Nimeyakusanya hapa na kuyapanga kwa dalili anayoiona mpishi, kisha sababu zake kuanzia ile inayotokea mara nyingi hadi ile ya nadra. Katika kila dalili, anza na ukaguzi mwepesi kabla hujamwaga kitu au kukanda upya.

Jambo moja nalisisitiza kabla ya yote: kitafunwa kikiharibika, tafuta kwanza maji yako wapi. Yapo maji ndani ya kitunguu, yapo ndani ya kiazi kilichochemka kupita kiasi, upo mvuke wa chakula kilichofunikwa kingali cha moto, na upo unyevu wa hewa yetu ya pwani, ambao mwezi wa Desemba hukutana na joto la nyuzi 30 na zaidi na kulainisha hata biskuti iliyoachwa wazi usiku mmoja. Watu wengi hulaumu unga au chapa ya mafuta, wakati kosa limejificha kwenye tone la maji ambalo hawakulikausha.

Dalili: Sambusa zinatoka karaini zimelowa mafuta na ni laini

Sababu kubwa ni mafuta ambayo hayajapata moto wa kutosha. Sambusa inapoingia kwenye mafuta yenye moto unaofaa, maji yaliyomo kwenye manda, yaani ngozi ya unga inayofungiwa nyama, hugeuka mvuke papo hapo na kusukuma kwenda nje, na msukumo huo ndio unaozuia mafuta yasiingie. Mafuta yakiwa vuguvugu, mvuke huwa dhaifu na manda hulowa taratibu kama mkate ndani ya chai. Chukua kipande kidogo cha manda ukitumbukize: kikizama na kutulia chini, subiri, kikipanda juu baada ya muda mfupi kikiwa kimezungukwa na mapovu madogo yasiyokoma, anza kazi, kikibadilika rangi na kuwa kahawia kizito mara moja, punguza moto. Mwenye kipimajoto cha jikoni atafute nyuzi 170 hadi 180.

Mara nyingi mafuta yalikuwa na moto mzuri mwanzoni, lakini mpishi akayapoza mwenyewe kwa kutumbukiza sambusa 20 kwa mkupuo mmoja kwa sababu wageni wameanza kuingia. Katika karai lenye lita mbili za mafuta, mimi siingizi zaidi ya sambusa ndogo nane hadi kumi, na baada ya kila mkupuo nasubiri mafuta yarudishe moto wake. Haraka ya dakika kumi hapa hugharimu sinia nzima.

Ikiwa moto uko sawa na idadi iko sawa, angalia namna unavyozichuja. Sehemu kubwa ya mafuta haiingii sambusa ikiwa karaini. Huingia baada ya kutolewa, pale mvuke wa ndani unapopoa na kuyavuta yale yaliyobaki juu ya manda. Kwa hiyo, zikung'ute vizuri kwenye kijiko cha matundu mara tu zinapotoka, kisha zisimamishe kwa pembe juu ya waya au ungo, zisilaliane. Kuzilaza juu ya karatasi bapa huzuia upande wa chini kupumua.

Zikiwa bado zinalowa baada ya hayo, kosa liko kwenye nyama. Nyama ya kusaga inatakiwa kukaangwa bila kufunikwa hadi ukiuinamisha mwiko usione mchuzi unaotiririka, kisha ipoe kabisa kwenye sinia pana. Kitunguu kikatwe kidogokidogo, kikamuliwe kwa kitambaa safi, kisha kichanganywe na nyama iliyokwisha kupoa pamoja na giligilani, muda mfupi kabla ya kufunga. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye kitunguu, na bakuli la mchanganyiko likikaa saa nzima mezani utakuta mchuzi umejikusanya chini hata kama ulianza ukiwa mkavu. Ukiukuta, usiukoroge urudi ndani, uchuje.

Dalili: Sambusa zinafunguka au kupasuka ndani ya mafuta

Hapa kagua gundi kwanza. Uji wa unga wa ngano na maji unaotumika kufungia unapaswa kuwa mzito kama gundi ya karatasi. Ukiwa mwepesi hulowesha manda na kuachia unapoguswa na moto. Paka ukingo mzima, pamoja na kona tatu, kwa sababu kona iliyoachwa wazi hata kwa upana wa kichwa cha njiti ya kibiriti huruhusu mafuta kuingia na nyama kutoka, na mafuta yote yaliyobaki yatachafuka kwa chenga zinazoungua.

Inayofuata ni manda zilizokauka. Chini ya feni, manda zilizoachwa wazi kwa dakika chache huanza kukatika kwenye mkunjo. Zifunike kwa kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa sana, utoe moja moja. Kujaza kupita kiasi nako hupasua: kwa sambusa ya kula kwa mafundo mawili, kijiko kimoja cha chai kilichojaa kinatosha, na hewa isukumwe nje kwa kidole kabla ya kufunga.

Wapo wanaozigandisha kwenye friza siku kadhaa kabla, na ni utaratibu ninaoupenda kwa sherehe kubwa. Tatizo huja pale wanapoziyeyusha juu ya meza kwanza, manda zikalowa jasho na kunatana. Zigandishe zikiwa mbichi, zimepangwa safu moja kwenye sinia, na zikishakuwa ngumu ndipo uzitie kwenye chombo kimoja. Siku ya kazi zitoke kwenye friza zikaingie karaini moja kwa moja, chache kwa wakati, kwa moto wa wastani ili ndani ipate moto kabla ya nje kuungua. Barafu iliyojishika juu yake ipanguswe, kwa kuwa barafu ndani ya mafuta ya moto hulipuka na kurusha matone.

Dalili: Zilikuwa kavu nyumbani, zimelala ukumbini

Hili ndilo lalamiko ninalolipokea kuliko yote, na limewahi kunipata mwenyewe. Mkesha mmoja wa Krismasi nilitoa sambusa 200 karaini saa kumi na moja jioni, nikazipanga kwenye deli la plastiki, nikalifunika kwa mfuniko wake nikiamini kwamba nahifadhi joto, tukaanza safari ya Mbezi. Nilipofunua saa kumi na mbili na nusu, matone ya maji yalikuwa yamening'inia chini ya mfuniko mzima, yakidondoka moja baada ya jingine juu ya safu ya kwanza. Niliinua moja kwa pembe, na pembe ile ikajikunja kama kitambaa kilicholowa. Mama mwenye sherehe alisimama pembeni yangu, akaitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hizi zimelala." Nikamwomba jiko na karai, naye akanipa bila neno jingine.

Kilichoziokoa ni kuzirudisha kwenye mafuta yenye moto mkali kidogo kuliko wa kwanza, kwa muda wa chini ya dakika moja kila mkupuo, hadi mapovu yalipopungua, kwani mapovu yakipungua ni ishara kwamba maji yamekwisha kutoka juu ya manda. Oveni iliyokwisha kupata moto wa nyuzi 200 nayo hufanya kazi hiyo kwa dakika tano hadi saba, zikiwa zimepangwa juu ya waya. Oveni ya mawimbi (maikrowevu) haifai hapa, itazilainisha zaidi.

Namna ya kulizuia ni kutofunika kitu cha kukaanga kikiwa bado kinatoa mvuke. Acha sambusa, bajia na kachori zipoe juu ya waya kwa dakika kumi hadi kumi na tano, kisha zisafirishwe kwenye boksi la karatasi ngumu lililotobolewa matundu pembeni, likiwa na karatasi za kunyonya chini. Hotipoti ni chombo kizuri kwa pilau, lakini huua ukavu wa sambusa haraka sana. Kama ukumbi una jiko, mpango bora ni kukaanga hadi rangi ya dhahabu hafifu nyumbani, kisha kumalizia huko dakika chache kabla ya kupakua.

Dalili: Katlesi zinavunjika, kachori zinameguka au zinavua ganda

Asilimia kubwa ya katlesi zinazovunjika zilivunjika tangu kwenye sufuria ya viazi. Kiazi kilichomenywa, kikakatwa vipande vidogo na kuchemshwa hadi kikapasuka, kimebeba maji mengi, na ukikiponda hutoa kitu kinachonata vidoleni. Chemsha viazi na maganda yake, vizima, vya ukubwa unaolingana. Vikiiva mwaga maji, rudisha sufuria jikoni kwa moto mdogo dakika mbili ukiitikisa ili mvuke utoke, kisha menya na kuponda vikiwa bado vina moto. Viazi vichanga vilivyotoka shambani karibuni, vyenye ganda jembamba linalochubuka kwa kidole, vina maji zaidi. Unapokuwa Kariakoo au Kisutu, mwombe muuzaji viazi vilivyokomaa, vikavu na vizito mkononi.

Ikiwa viazi vimekwisha kulowa, vitandaze kwenye sinia viache mvuke, kisha ongeza chenga za mkate mkavu, kijiko kimoja kimoja, hadi donge lishike bila kunata. Usikimbilie kuongeza yai ndani ya viazi, kwa sababu yai nalo ni maji hadi litakapoiva. Halafu ziweke katlesi zilizofinyangwa kwenye friji kwa nusu saa. Ubaridi huzikaza, na mara nyingi hatua hiyo peke yake humaliza tatizo.

Ganda la kachori likivuka, donge lilikuwa na jasho. Likaushe kwa kitambaa, lipitishe kwenye unga mkavu, likung'ute, ndipo ulichovye kwenye rojo la unga wa dengu. Rojo liwe zito kiasi cha kufunika mgongo wa kijiko bila kuonyesha chuma.

Onyo kuhusu nyama na kuku wa ndani ya katlesi: nyama yote iwe imeiva kabisa kabla ya kuingia kwenye viazi. Usitegemee mafuta ya kukaangia yakamilishe kazi hiyo, kwa sababu yai lililopakwa nje ya katlesi huwa kahawia muda mrefu kabla ya katikati kupata moto. Kuku anahitaji kufikia nyuzi 74 katikati, na ukikuta rangi ya waridi au maji mekundu, donge hilo halitengenezeki kwa kukaanga tena. Lifungue na upike nyama upya.

Dalili: Kaimati mbichi ndani, bapa, au zinasinyaa zikipoa

Kaimati mbichi katikati hutokana kwanza na mafuta makali mno. Nje inapata rangi ndani ya dakika moja, mpishi anadanganyika, anatoa. Moto uwe wa wastani na kaimati zigeuzwe bila kupumzika kwa kijiko cha matundu ili zive pande zote na zibaki duara. Sababu ya pili ni ukubwa: kwa sherehe, donge lisizidi kijiko cha chai, nalo litavimba. Ikiwa bado ni mbichi, rojo halikuumuka vya kutosha.

Hamira iliyokufa haiwezi kuinua kitu, na hapa kwetu hufa mapema kwa sababu pakiti iliyofunguliwa huachwa karibu na jiko. Ijaribu kabla ya kumwaga unga: kijiko cha chai cha hamira na nusu kijiko cha sukari kwenye nusu kikombe cha maji vuguvugu, ambayo kidole kinayavumilia bila shida. Baada ya dakika kumi unapaswa kuona povu zito. Maji yanayounguza kidole huiua hamira hata ikiwa mpya.

Kaimati bapa zimetokana na rojo jepesi. Rojo sahihi, ukilishika kwenye kiganja kilicholoweshwa maji na kulikamua, hutoka kati ya kidole gumba na cha shahada likiwa duara na likasimama hivyo kwa muda mfupi kabla ya kuanguka. Likitiririka, ongeza unga kidogo, lipige kwa mkono dakika tano na uliache dakika 20. Zile zinazosinyaa baada ya kutolewa, zilitoka mapema. Ganda lilikuwa halijakauka kiasi cha kubeba uzito wake.

Dalili: Shira inaganda kuwa chenga, au inabaki maji

Nitakaa kidogo hapa, kwa kuwa sukari haina huruma na watu huiogopa bila sababu. Shira inayogeuka chenga kama mchanga imefanya hivyo kwa sababu punje za sukari ambazo hazikuyeyuka zimewavuta wenzao wajipange upya. Punje hizo hutoka kwenye kingo za sufuria au kwenye mwiko wa mpishi asiyeacha kukoroga. Tumia vikombe viwili vya sukari kwa kikombe kimoja cha maji, koroga kwa moto mdogo hadi usisikie tena mchanga chini ya mwiko, futa kingo kwa kitambaa kilicholowa, kisha pandisha moto na usiguse tena. Kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu, kikitiwa mwanzoni, husaidia sana: tindikali yake huivunja sehemu ya sukari iwe sukari za aina nyingine mbili, na mchanganyiko huo haugandi kwa urahisi. Iliki itiwe mwishoni ili harufu isipotee na mvuke.

Shira iliyokwisha kuganda inaokoleka. Ongeza robo kikombe cha maji, rudisha moto mdogo, acha iyeyuke yote, tia ndimu, chemsha upya.

Ikibaki maji, haikuchemka vya kutosha. Chukua tone moja kati ya vidole viwili, likiwa limepoa kidogo, uvitenganishe: uzi mmoja unaovutika bila kukatika mara moja unatosha kwa kaimati zinazong'aa. Wanaotaka kaimati zilizofunikwa na sukari nyeupe iliyokauka waende mbele ya hapo, hadi mapovu yawe makubwa na mazito, kisha wamimine kaimati na kuzirusharusha hadi sukari ikauke juu yake. Hapo kuganda ndiko kunakotakiwa, na ndimu isitiwe.

Kashata ya nazi au karanga hufuata kanuni hiyohiyo. Isiposhika, sukari haikufika. Dondosha tone kwenye maji baridi, na likikubali kufinyangwa kuwa kidonge laini, iko tayari. Ikimeguka kuwa unga, imepitiliza. Kata vipande ikiwa bado ina joto. Utunzaji wake ni kinyume cha ule wa sambusa: ikishapoa kabisa ifungiwe kwenye chombo kisichoingiza hewa, kwa kuwa sukari huvuta unyevu wa hewa, na kashata iliyoachwa wazi usiku mmoja wa Desemba hapa Dar es Salaam asubuhi huwa inanata kama gundi. Kwenye friji nako isiende, kwani ikitolewa hutoka jasho.

Shira ya moto huunguza vibaya kuliko maji yanayochemka, kwa sababu hung'ang'ania ngozi. Watoto wasiwe jikoni wakati huo, na usionje kwa ulimi kutoka kwenye mwiko.

Dalili: Vitumbua vidogo vinashika karai, havivimbi, au vina ladha ya uchachu

Vikishika, karai ndilo lenye kosa, hasa likiwa jipya au likiwa limesuguliwa kwa stili waya na sabuni. Lioshe kwa maji, likaushe motoni, lipake mafuta kila shimo, lipashe hadi lianze kutoa moshi, liache lipoe, rudia mara tatu. Baada ya hapo lipanguswe tu. Vitumbua vitatu vinne vya kwanza vihesabu kuwa ni vya karai, si vya wageni.

Visipovimba, jaribu hamira kama nilivyoeleza, kisha angalia mchele: uloweke saa sita au usiku mzima, na usagwe hadi ukisugua rojo kati ya vidole usihisi punje. Tui liwe zito na litiwe taratibu wakati wa kusaga. Uchachu unatokana na joto letu. Rojo ambalo kwenye nchi za baridi lingehitaji saa mbili kuumuka, hapa linaweza kuwa tayari chini ya saa moja. Likishajaa mapovu, pika, au liweke kwenye friji kulichelewesha. Vikiungua chini na kubaki vibichi juu, ondoa makaa, usiongeze mafuta.

Bajia na mishkaki midogo

Bajia ngumu zimekosa hewa. Dengu au kunde zilizosagwa zipigwe kwa mkono dakika tano hadi tone lake lielee kwenye glasi ya maji.

Mishkaki ikiwa migumu, nyama ilikatwa kufuata nyuzi zake badala ya kuzikata. Papai bichi hulainisha, lakini kwa vipande vidogo vya kuchomeka kwenye vijiti, nusu saa inatosha. Ukiiacha usiku mzima utapata kitu kama uji. Vijiti vilowekwe kwenye maji nusu saa visiungue. Kwa meza yenye watoto wadogo, chomoa nyama kwenye vijiti kabla ya kuwapa, na usiwape karanga nzima.

Dalili: Mafuta yanafanya povu, yanatoa moshi, au yana harufu kali

Povu dogo linalopanda na kutulia ni maji kutoka kwenye chakula. Povu linalokaa juu kama la sabuni, rangi nyeusi, na moshi unaoanza mapema ni dalili kwamba mafuta yamechoka. Yamwagwe yakishapoa, kwenye chombo, si kwenye sinki. Karai lisijazwe mafuta zaidi ya nusu.

Kuanzia hapa yapo mambo ambayo hayahitaji ujasiri wa mpishi. Mafuta yakishika moto, zima jiko ikiwa unaweza kufikia swichi bila kupitisha mkono juu ya ndimi za moto, funika karai kwa mfuniko wa chuma au sinia, uliache lilivyo hadi lipoe kabisa. Usimwage maji hata glasi moja, na usijaribu kulibeba nje. Moto usipozimika, toa watu wote, funga mlango nyuma yako, na upige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe wala kuzima taa yoyote, kwa sababu cheche ya swichi inatosha. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, tokeni nje, kisha umwite fundi au muuzaji wako wa gesi ukiwa mbali na nyumba. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa na hukaa sakafuni, kwa hiyo kutoisikia puani ukiwa umesimama si uthibitisho kwamba imekwisha. Oveni ya umeme inayokurusha, hata kidogo, ichomolewe na isiguswe tena hadi fundi umeme aitazame, sherehe iwe leo au kesho.

Aliyeungua apozwe kwa maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno, yai wala unga. Akiwa ni mtoto, au jeraha likiwa usoni, kwenye viungo, au kubwa kuliko kiganja chake, apelekwe hospitali mara baada ya kupozwa.

Dalili: Umeme umekatika, au chakula kimekaa mezani muda mrefu

Friji isiyofunguliwa hutunza ubaridi kwa takriban saa nne. Friza iliyojaa huweza kufika saa 48, na iliyojaa nusu saa 24, mradi mlango usifunguliwe. Sambusa mbichi zenye nyama zilizoyeyuka kabisa na kupata joto la chumba hazirudishwi kwenye friza.

Mezani, vitafunwa vyenye nyama, samaki, yai au mayonezi visizidi saa mbili katika joto la chumba, na chini ya turubai la uani ambako joto linapita nyuzi 32, saa moja. Cha moto kikae juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya nyuzi 5. Mimi huleta sinia ndogo mara nyingi badala ya sinia moja kubwa. Kwa hesabu, vipande sita hadi vinane kwa mtu vinatosha kama chakula kikuu kinafuata, na kumi hadi kumi na viwili kama hakifuati; anayepika kwa hesabu hiyo hana sababu ya kuacha mabaki mezani hadi usiku wa manane.

Kupasha moto upya hakuondoi kila hatari. Bakteria anayeitwa Staphylococcus aureus, ambaye hutoka mara nyingi kwenye mikono yenye vidonda au kwenye pua zetu, huacha sumu isiyoharibiwa na moto wa kawaida wa jikoni, na sumu hiyo huleta kutapika ndani ya saa chache. Mwenye kidonda mkononi apewe kazi ya kupanga viti. Vitafunwa vyenye karanga au korosho viwekwe sinia yao na viandikwe, kwa sababu mgeni mwenye mzio anaweza kushindwa kupumua. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, mpeleke hospitali mara moja bila kusubiri kuona kama hali itapungua.

Mgeni akianza kutapika au kuharisha, acha kugawa chakula hicho kwa wengine. Mpe maji ya ORS, pakiti ya duka la dawa iliyoandikwa kuchanganywa na lita moja ikorogwe kwenye lita moja kamili ya maji safi, anywe kidogokidogo. Akiwa na homa kali, damu kwenye choo, macho yaliyodidimia, au asipoweza kubakiza hata maji tumboni, apelekwe kituo cha afya usiku huohuo, na mtoto mdogo, mjamzito au mzee apelekwe mapema zaidi. Chukua pia vipande vichache vya chakula kilichobaki kwenye chombo safi chenye mfuniko, na uwaeleze wahudumu kilipikwa saa ngapi, kililiwa saa ngapi, na kilikaa nje kwa muda gani.